Gari Jekundu na Pozi la Pasipoti

Mtaani wanamwita Flashi, na hata mkewe, ambaye ana haki ya kumwita vinginevyo, humwita hivyo hivyo. Ana studio ya picha kati ya duka la miwani na ofisi ya wakili, na umri wake wote wa kazi ameumaliza akiwaambia watu wainue kidevu. Mteja hajakaa hata kitako, Flashi ameshajua upande wake mzuri. Kovu, jipu, jino lililopanda juu ya mwenzake, vyote huvipeleka upande ambao kamera haifiki, na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Ungedhani mtu wa namna hiyo hadanganyiki na picha. Ndiye anayedanganyika kuliko wote, maana haangalii kilichopigwa, anaangalia kilivyopigwa.

Gari aliliona mtandaoni, akisubiri mteja amalize kuchana nywele. Gari la spoti, jekundu, milango miwili, limeinama kama linanyatia kitu. Lilikuwa limemwagiwa maji na kupigwa picha jua likiwa limelala, na picha zote zilikuwa za ubavu wa kushoto. Mwenyewe hakutaka fedha. Alitaka kubadilishana na pikapu nzima. Flashi alikuwa nayo moja, ile yenye turubai inayobeba taa, mapazia na mkewe kwenda harusini, na harusi ndizo zinazowalisha.

Mkewe alimuuliza taa zitakaa wapi. Flashi akasema nyuma ya kiti. Akaulizwa yeye mke atakaa wapi. Akasema kwenye kiti cha pili, ndiyo kazi yake. Akaulizwa tena, polepole, stendi na mapazia je. Akasema watu wanapenda kukuza mambo.

Wakampelekea picha shemeji yake, kaka wa mke, fundi wa bodi. Shemeji alisema maji huficha rangi mbili zisizolingana, na anayepiga kushoto tu ana jambo lake kulia. Alisema muuzaji akidai kuna mnunuzi mwingine yuko njiani, wampishe huyo mwingine. Waguse boneti kabla ya salamu, kwa sababu injini iliyokwisha kupashwa moto imeandaliwa kwa ajili ya wageni. Flashi alisikiliza yote kwa adabu.

"Lakini shemeji," akasema, "huo mwanga umeuona?"

Shemeji akarudi uvunguni mwa gari la watu.

Jumamosi wakaenda, vifaa vikiwa nyuma kwa sababu mchana walikuwa na kazi. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye shati lililonyooka, aliwapokea kwenye ua wa saruji. Gari lilikuwa kivulini, ubavu wa kulia umebanwa ukutani. Mke akagusa boneti, akaondoa mkono haraka. Muuzaji akasema ni jua. Pedali zilikuwa zimelika hadi chuma kinaonekana, ingawa kwa mujibu wa mita gari lilikuwa halijatembea kitu. Matairi yalikuwa ya kampuni nne tofauti, kama abiria waliokutana kituoni. Kadi ya gari ilikuwa na jina la binamu, na binamu alikuwa amesafiri. Na ndiyo, kulikuwa na mnunuzi mwingine njiani.

Flashi aliitikia kila kasoro kwa kichwa, kama mtu anayesimuliwa mabaya ya mchumba wake. Kisha akamuuliza muuzaji alipiga picha zile saa ngapi. Yule bwana akang'aa uso. Wakazungumza habari za vivuli kama waliosoma darasa moja. Muuzaji akaomba kuikagua pikapu, akaizunguka na simu yake mkononi, na Flashi akaanza kupapasa mfuko wa shati, ilimokuwa kadi ya pikapu.

 Mkewe alikwenda nyuma ya pikapu, akashusha stendi na kamera, akaviweka mbele ya mumewe.

"Lipige ya pasipoti."

Flashi alitaka kucheka, lakini mikono ilikuwa imeshaanza kazi. Pasipoti haina upande mzuri: uso mbele, macho usawa, mwanga sawa kote, hakuna kutabasamu. Akaomba gari lisogezwe kutoka ukutani. Akashusha stendi hadi kimo cha taa, akaiweka sawa, akainama kwenye kioo cha kamera. Akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Taa moja ilikuwa juu kidogo ya mwenzake. Mwanya wa boneti upande mmoja usingepitisha karatasi, upande wa pili ungepitisha kidole. Pua yote ilikuwa inatazama kando, kama mtu aliyeulizwa swali.

"Limegongwa," akasema.

"Kidogo tu, bosi. Lilirudishwa vizuri."

"Halikurudi."

Muuzaji akaja kuitazama picha, akashusha sauti. "Huwezi kuisafisha kidogo?"

"Ya pasipoti hairuhusiwi," Flashi akasema, akakunja stendi. Mkewe alimwona akilipitishia gari mkono mara moja tu, ubavu wa kushoto.

 Njiani mke alikuwa anapekua simu, kisha akaisogeza karibu na macho. Kwenye ule mtandao kulikuwa na tangazo la dakika chache zilizopita: pikapu safi sana, mwenyewe ana haraka. Ilikuwa yao. Pale mlango wake ulipobonyea hapakuonekana. Turubai lilikuwa linawaka kama taa.

Flashi akaegesha pembeni, akaitazama.

"Mpigie aliondoe tangazo," akasema. Kisha, kabla hajawasha injini: "Ila hiyo picha nihifadhie kwanza."