Mguu Unaosikia

Mume wangu alikuwa mwezekaji wa makuti, na katika Temeke ya wakati ule, Mwingereza bado yuko, mwezekaji hakulala njaa. Watu walikuwa wakijenga kila kukicha, na kila nyumba ilitaka ifunikwe kabla ya masika. Alikuwa na miguu mirefu, mikavu, inayoshika boriti kama mikono. Akiwa juu ya paa haachi kuwatania wapita njia. Hata mie alinitania kutoka juu ya paa la jirani yetu, nikamjibu vibaya, na posa ikaanzia hapo.

Homa ilimkamata mvua zikikaribia. Hatukuishughulikia sana, maana nani huku pwani hajui homa? Akanywa kwinini, akajifunika blanketi, akalalamika shingo na mgongo. Nikamwambia aache kudeka, paa la watu linamngoja. Homa ikaondoka, tukashukuru. Asubuhi akataka kwenda msalani, akashusha miguu kitandani, akaanguka chini puu. Nilicheka, nikidhani ni mchezo wake. Akanitazama kutoka pale sakafuni, akasema taratibu, "Mke wangu, njoo uninyanyue. Miguu haitaki."

Haikutaka siku ile wala siku zilizofuata. Mikono ilikuwa mizima, akili nzima, ulimi ndio usiseme. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mtu wa kugeuzwa.

Tukampelekea habari mama yake, aliyekuwa akikaa Kimbiji, naye akaja na kikapu chake cha majani na mizizi. Hakuuliza kitu. Aliketi miguuni pa kitanda, akafunua shuka, akamfinya kidole gumba kwa kucha.

"Unaniumiza, mama!"

Yule mama akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akatueleza kwamba marehemu mumewe alipopooza, ungeweza kumwekea kaa la moto mguuni asijue. "Ule ndio mguu uliokufa," alisema. "Huu unasikia. Mguu unaosikia haujafa."

Maneno yale yaliniingia kama maji kwa mwenye kiu. Basi akabaki kwetu, ikawa kila siku baada ya sala ya alfajiri anaingia chumbani, anafunua shuka, anafinya. "Umesikia?" "Nimesikia, mama." "Alhamdulillahi." Kisha anatoka uani kuwapa majirani habari njema, kana kwamba mgonjwa amekwisha kusimama. Nami nilikuwa nikiinjika chai kwa moyo mwepesi. Halafu nikirudi chumbani kumwosha, naona jinsi mapaja yale yalivyokuwa yakinyauka machoni pangu, na moyo unaurudia uzito wake.

Majirani nao walikuwa na yao. Kama anasikia, mbona hatembei? Wengine walisema anadeka. Wengine walisema mie nimemlisha limbwata ili asitoke ndani. Niliyasikia kisimani, nikatua ndoo. Nikawauliza ni limbwata gani hilo la kumfanya mume awe mzigo wa kubebwa chooni, wanipe na dawa ya kulitapisha. Nikajitwika ndoo yangu. Lakini nilirudi nyumbani nikilia, kwa sababu swali lao lilikuwa swali langu pia. Kama anasikia, mbona hatembei?

Wenzake wa kazi wakambeba na kitanda chake mpaka hospitali. Alipimwa na msaidizi wa daktari, kijana wa bara, mpole. Alimwamkia mama mkwe shikamoo, akamgonga mgonjwa magoti, akamchoma kwa pini, akamwambia anyanyue mguu. Mume wangu alijitahidi mpaka jasho likamtoka usoni. Mguu ulilala vilevile.

"Ni mdudu," yule kijana akatuambia. "Aliingia na ile homa, akaenda kukaa kwenye uti wa mgongo. Ameharibu mishipa inayoiamrisha miguu. Ile ya kusikia hakuigusa."

"Mdudu gani huyo, mwanangu, mwenye kuchagua?" mama mkwe akauliza.

"Ndivyo alivyo, mama. Tena mara nyingi huwapata watoto. Mtu mzima mwenye afya yake kama huyu, ni mmoja mmoja."

"Na dawa?"

Kijana akanitazama mie badala ya mama mkwe. "Hatuna. Hata huko Ulaya hawana. Mnyoosheni viungo taratibu, asije akakakamaa."

Njiani mama mkwe alisema yule ni mtoto, ubwabwa haujamtoka shingoni, atajua nini cha uti wa mgongo. Mume wangu alikuwa chali kitandani, anabebwa, anayatazama mapaa ya watu.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini mama mkwe hakuwa mtu wa methali hiyo. Alimjua mganga kwao Kimbiji aliyewatibu waliopooza kwa mchanga wa pwani. Tukampeleka. Wakachimba shimo juu ya ufuko, pale jua linapopiga, wakamketisha humo na kumfukia mpaka kiunoni. Ulikuwa mchanga ambao mie mwenyewe sikuweza kuukanyaga bila viatu. Mganga akasema joto litaamsha mishipa.

Mume wangu alivumilia kwanza. Baadaye akaanza kuomba. "Nitoeni, naungua. Mama, naungua." Nikapiga magoti nichimbue, mganga akanishika mikono. Mama mkwe alikuwa akimfuta jasho mwanawe huku uso umemng'aa kwa furaha, anasema, "Sikia, sikia anavyosikia. Miguu inarudi." Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia siku ile, wala kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye huyo huyo. Alikuwa anamsikiliza mwanawe akilia na anachosikia ni nyayo zake zikija.

Tulipomtoa alikuwa na malengelenge mapajani na nyuma ya magoti. Tukarudi naye Temeke. Mganga aliagiza kwamba yakikauka arudishwe mchangani, tena na tena, maadamu miguu inasikia.

Nilimsihi mama mkwe. Nikaambiwa mke hupatikana mwingine, mtoto hapatikani. Malengelenge yakakauka. Wabebaji wakaambiwa wajiandae.

Asubuhi ya safari mama mkwe aliingia kama kawaida, akafunua shuka, akafinya.

"Umesikia?"

Mume wangu alikuwa anatazama darini. "Sikusikia, mama."

Akafinya tena, kwa kucha mbili. Nikamtazama mume wangu usoni. Hakupepesa jicho.

"Leo sisikii kitu, mama. Tangu jana."

Yule mama akajitazama mkono. Akaniita. "Njoo wewe. Labda vidole vyangu vimezeeka."

Nikaketi mahali pake. Nikakishika kile kidole gumba, kilichokuwa na alama za kucha za asubuhi zote zile, nikafinya. Alikuwa anautazama mkono wangu, kisha akanitazama machoni, ametulia kabisa.

"Kaza, mwanangu," mama mkwe akasema nyuma yangu.

Nikakaza.

"Hasikii, mama," nikasema.

Mama mkwe akaivuta shuka, akaifunika ile miguu polepole mpaka ilipoishia, pamoja na mkono wangu uliokuwa humo. Akasema inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Akatoka uani kuwaambia wabebaji waende zao, na tukamsikia akianza kulia.

Mume wangu alingoja mpaka kilio kikasogea upande wa jikoni.

"Sasa niachie, mke wangu," alisema. "Unaniumiza."