Siku Darasa Langu Lilipomhoji Mkaguzi

Siku yangu ya kwanza kazini, shule moja karibu na Nanyamba, mkuu wa shule aliisoma barua yangu ya ajira mara mbili. "Kifaransa? Huku?" akasema. "Madamu, watoto hawa nyumbani wanaongea Kimakonde, Kiingereza kinawatoa jasho, na wewe unakuja kuwaongezea mzigo." Nilicheka tu. Ujana nao ni ulevi.

Somo lililonitesa ni la maswali. Nilikata maboksi, nikaandika maneno matatu, nikawapa wanafunzi watatu wayashike mbele ya darasa: Vous nous entendez, yaani unatusikia. Ukitaka kuuliza, Vous anahamia nyuma ya kitenzi. Nous, yule anayesikiwa, habanduki mbele ya kitenzi chake: Nous entendez-vous? "Si mgeni kwenu," niliwaambia. "Kwenye 'unatusikia', hiyo 'tu' si imeitangulia 'sikia'?" Walielewa siku ileile, na madaftari yao yalijaa vema nyekundu. Lakini nikisema waniulize mimi kwa mdomo, kimya kama maji ya mtungi.

Ndipo ikaja taarifa kwamba mkaguzi wa shule atatutembelea baada ya wiki mbili. Wanafunzi wasipozungumza, Kifaransa kinafutwa nami nafundisha jiografia. Niliogopa, na kwa woga nikawafokea. Siku hiyo Somoe, binti wa mkulima wa korosho, alibaki darasani.

"Madamu, usituone wajinga," akasema, macho chini. "Sisi tumefundwa. Mtoto hamhoji mkubwa."

Niliona haya. Mimi mwenyewe, mtoto wa Mikindani, nilifundwa vivyo hivyo, ila chuo kilikuwa kimenisahaulisha. Nikamuuliza kama hakuna mkubwa hata mmoja anayehojiwa.

"Yupo bibi," akacheka. "Bibi ni mtani."

Kesho yake niliingia darasani nimejitanda kanga, mkongojo mkononi, mgongo nimeupinda. "Hamjambo, wajukuu zangu?" Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mmoja wa nyuma akapaza sauti, "M'entendez-vous, bibi? Au masikio yameondoka na meno?" Kuanzia hapo ikawa kazi kuwanyamazisha, na wala sikuwanyamazisha.

Mkaguzi alikuwa mzee wa mvi, suti imenyooka, hana mzaha. Mkuu wa shule alisimama mlangoni. "Haya, niulizeni kwa Kifaransa," mkaguzi akasema, na mkubwa mgeni yule akawarudishia kimya chao chote. Nilianza kuiona ramani ya Afrika ikining'inia ubaoni.

Somoe akasimama. "Shikamoo, babu."

Mkuu wa shule alifumba macho.

"Marahaba," mkaguzi akajibu polepole, "mjukuu wangu."

"Nous entendez-vous?"

Mzee yule alivua miwani, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Je vous entends!" Nawasikia! Mikono ikainuka darasa zima. Walimuuliza kipindi kizima, kila neno mahali pake, mpaka akaomba maji ya kunywa. Jioni mkuu wa shule alinifuata ofisini. "Madamu," akasema, "mzigo wako nimeupokea." Kifaransa kilibaki, nami nilirudi nyumbani nikiimba njiani bila kujali nani ananitazama.

Baadaye nilifundisha Msimbati, kisha Madimba, na kote huko nilikwenda na kanga yangu. Ninyi walimu vijana, mtoto akinyamaza msikimbilie kusema hajui. Huenda anangoja ruhusa tu.

Nilipostaafu, Somoe alikuja kuniaga. Siku hizi ni mwalimu wa Kifaransa katika shule ileile ya Nanyamba, na alikuja na darasa lake. Kanga nilikuwa nayo, ila safari hii mgongo haukupinda kwa maigizo. Binti mmoja mdogo akajitokeza mbele, akanitazama usoni bila woga.

"Nous oublierez-vous, bibi?" Je, utatusahau?

Machozi yalinitoka mbele ya watu, na sikuyafuta.

"Jamais," nikamwambia. Kamwe.