Wageni Wasimame Tuwaone

Dada yangu Veneranda ni mtangazaji wa redio hapa Iringa, na kwa miaka mingi sauti yake imewaamsha watu mpaka Ubaruku kule Mbarali. Ana tatizo moja ambalo nimemwambia sana na hasikii: hajui kudanganya. Wengine tunajua kidogo, na tunaishi vizuri.

Mwaka huu alipaswa kuhuisha kitambulisho chake cha uandishi. Bila hicho, kwa sheria, yeye si mwandishi wa habari. Ni mtu mwenye sauti nzuri tu. Kilichobaki ni sahihi ya Bwana Edmund, afisa habari, ambaye tunasali naye kigango kimoja na anaimba besi kwenye kwaya. Alikuwa ameahidi kusaini Jumatatu.

Wiki hiyohiyo dada akampokea mwandishi kutoka Denmark, aliyetaka kuandika habari za wakulima wa mpunga wa Ubaruku na shida yao ya maji. Jina lake lilikishinda kigango kizima, tukamwita Mgeni. Ithibati yake, yaani kibali cha mwandishi wa nje kufanya kazi nchini, ilikuwa bado Dodoma. Dada akamweleza kwa Kiingereza, na mimi nikakazia kwa mikono, kwamba mpaka ithibati ifike asimuulize mtu swali lolote zaidi ya bei ya ndizi, kwa sababu akikosea, mwenyeji wake ndiye atakayejibu. "Ukiulizwa, sema wewe ni mgeni tu." Akasema sawa. Ni watu wanaosema sawa kwa urahisi sana.

Jumapili ikafika. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo tungelirudia hata kesho, kwa sababu huwezi kwenda misa ukamwacha mgeni nyumbani peke yake na mbwa. Watu wangesema nini? Dada akamkalisha nyuma kabisa, kwenye nguzo. Mzungu wa futi sita na ushee, amefichwa na nguzo.

Baada ya komunyo yakaja matangazo: jumuiya ipi itafagia, mchango wa bati, ndoa inayotangazwa mara ya pili. Kisha mwenyekiti wa kigango, Mzee Kalinga, akasema yale anayosema kila Jumapili: "Kama tuna wageni, wasimame tuwaone." Kanisa zima likageukia nguzo.

Akaitwa mbele, na dada akaitwa kutafsiri, kwani tangu akiwa sekondari hakuna mfadhili aliyewahi kuzungumza kanisani humo bila yeye. Mgeni akaanza na salamu ya Kihehe, "Kamwene!" Kina mama wakapiga vigelegele. Vile vigelegele ndivyo vilivyomharibu. Akasema kwa Kiingereza kwamba amefurahi sana, kwamba yeye ni mwandishi wa habari, amekuja kwa ajili ya wakulima wa Ubaruku, na kwamba jana sokoni ameshaongea na kina mama watatu wanaouza mchele wa huko, nao wamemweleza mengi kuhusu maji.

Jana dada alikuwa studio. Hakuwa na habari.

Nataka ieleweke kwamba njia ya kutokea ilikuwepo. Wanaojua Kiingereza mle ndani ni wachache: paroko, walimu, na Bwana Edmund, ambaye wakati ule alikuwa amezama kwenye kitabu cha nyimbo kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza. Dada angesema, "Mgeni anawasalimu, anaipenda milima yetu," misa ingeisha na sisi tungekwenda kula.

Akatafsiri. Neno kwa neno, mpaka wale kina mama watatu, kwa sauti ileile ya taarifa ya habari ya asubuhi.

Mzee Kalinga akaomba makofi ya kumkaribisha Mgeni. Tukapiga.

Nje, Bwana Edmund alimfuata akiwa bado na joho la kwaya. "Dada Vene, kwa nini umenifanyia hivi? Kiingereza mimi nilikuwa sisikii. Sasa Kiswahili nitasemaje sikusikia? Kanisa zima limesikia!"

"Ningesema nini, Bwana Edmund?"

"Milima! Ungesema anaipenda milima!"

"Hakusema milima."

Bwana Edmund akanigeukia mimi, labda nitamsaidia. Mimi nilikuwa upande wa milima.

Jumatatu hakusaini. Sikumchukia, alikuwa na uso wa mtu aliyefiwa. Alisema lazima aandike maelezo, na maelezo yakishakwenda juu hayana haraka ya kurudi. Redioni wakamwambia dada apumzike kidogo mpaka mambo yakae sawa. Alhamisi ithibati ya Mgeni ikafika, ina picha yake anacheka. Onyo alipewa pia, kwa mdomo, pamoja na kikombe cha chai. Hasira niliyoipata siku ile sijajua pa kuiweka mpaka leo.

Tukaenda Ubaruku kwa gari langu. Mkalimani haulizwi kitambulisho, kwa hiyo dada akaenda kama mkalimani. Kando ya majaruba ya mpunga yaliyopasuka kwa ukame tukamkuta Bi Naima, mkulima aliyekosa mavuno kwa kukosa maji. Mgeni akamwonyesha kitambulisho chake kilichoning'inia kifuani. Bi Naima hakukitazama. Alikuwa amemgeukia dada, ambaye alikuwa ametoa salamu tu.

"We dada, si ndio wewe wa redioni? Wa asubuhi?"

Nikangoja. Ningekuwa mimi, ningesema ndiyo, na nisingeona ni uongo.

"Mimi ni mgeni tu, mama," dada akasema.

Sauti ilikuwa ileile. Bi Naima akatandika gunia akamkalisha karibu yake. Akaanza kueleza habari za maji tangu mwanzo, akimwangalia yeye peke yake, na dada akawa anamtafsiria Mgeni, neno kwa neno, Mgeni akiandika.