Maji Yanayobebwa Kimya

Mama alihamia kwangu Kayanga magoti yalipokataa kupanda kilima cha kwao Chonyonyo. Dawa za hospitali anameza bila ubishi. Lakini mvua zilipoanza aliomba kitu kimoja: maji ya chemchemi ya kwao, akandie magoti.

Kama huzijui chemchemi zetu, utaratibu si mgumu. Unafika asubuhi, unaacha buni chache juu ya jiwe, kama unavyompa mgeni kahawa ya kutafuna. Unachota, unafunika chombo kwa jani la mgomba, unarudi bila kusalimia mtu. Ukisalimia, hayo ni maji tu, rudi ukachote upya. Na kwetu, kumpita mtu bila salamu ni kazi kuliko kilima chenyewe. Ndiyo maana anayeliona lile jani hukugeuzia mgongo, akusaidie.

“Siku hizi nani atakugeuzia?” mama aliuliza. “Wana mabomba. Wamesahau.”

Nilipanda bodaboda, nikamweleza dereva kwa nini nitarudi bubu.

“Dada, si hata Kayanga maji yanauzwa? Tena ya baridi,” alinitania. Tulipofika Chonyonyo akabaki barabarani kunisubiri.

Chemchemi ilikuwa ndogo kuliko ninavyoikumbuka, na magugu yameizingira. Juu ya jiwe hapakuwa na buni ya mtu mwingine. Niliacha zangu, nikachota.

Nikiwa napanda kurudi barabarani, nilikutana na watoto wa shule.

“Shikamoo!” Nikabana midomo. “Shikamoo!”

“Huyu anaringa,” mmoja akasema.

Mwanamke aliyekuwa akipalilia shamba la kwenye kona aliinua kichwa, akaliona jani.

“Mwacheni, ana mgonjwa.” Akaegemea jembe, akageukia migomba mpaka nilipopita.

Nyumbani mama hakuuliza habari za chemchemi. “Kuna aliyekugeuzia?”

“Mwanamke mmoja, shamba la kwenye kona.”

“Hapo palikuwa kwa shangazi yangu.” Alikamua kitambaa, maji yakamdondokea gotini. “Ungenisalimia huyo,” akasema, kisha akacheka mwenyewe, maana nisingeweza.

Baadaye, nikimkausha miguu, alirudi palepale.

“Utakapokwenda tena, pitia kwake kabla hujachota. Wakati wa kwenda, salamu zinaruhusiwa. Mwambie niko Kayanga.”