Karatasi Zilizotokea Upande wa Pili wa Mabati

Wa kwanza kulaumiwa ni aliyetengeneza ile programu ya kuunganisha printa na kompyuta. Simjui, lakini namtaja kwanza. Wa pili ni yule aliyeniuzia hiyo printa Homa Bay mjini, akaniambia, "Mathe, ni kubonyeza Next tu mpaka iishe." Wa tatu ni shemeji yangu, ndugu ya marehemu mume wangu. Huyo alichoma nyumba yangu kule Awendo nilipokataa kurithiwa, ndio abaki na shamba la miwa. Kovu la moto huo liko mkononi mwangu mpaka leo.

Nilihamia Ndhiwa, nikafungua kibanda cha kuchapa. Shule niliachia darasa la sita, lakini kwa vidole viwili nilichapa ratiba za mazishi na barua za vyama vya akina mama, na watu walinirudia. Jirani yangu alikuwa mpiga picha za pasipoti. Kati yetu ulikuwa ukuta wa mabati tu. Tulitumia waifai moja, na printa yake ilikuwa aina ile ile niliyonunua. Siku za soko, shemeji yangu akija kuuza ndama, aliacha mkoba wake kwa huyo jirani. Siku hizo nilikuwa sitoki nje hata kununua chai.

Wiki hiyo kesi ya shamba ilikuwa inasikizwa Alhamisi mbele ya wazee wa ardhi. Niliandika malalamiko yangu, kurasa tatu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na jina la shahidi wangu, mama mzee wa boma lililopakana na langu kule Awendo, aliyemwona shemeji na mtungi wa mafuta taa. Hakuna aliyejua amekubali kusema.

Nikafungua printa mpya. Pale pa kuchomeka waya walikuwa wamebandika karatasi: usichomeke mpaka uambiwe. Sisi ambao hatukusoma sana tunaheshimu karatasi iliyobandikwa. Sikuchomeka. Programu ikazunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba imepata printa moja. Jina lake lilikuwa herufi na namba, sawa na zile zilizo kwa boksi langu. Nikabonyeza Next. Ikasema imetoa karatasi ya kujaribu, je, nimeiona? Mimi sikuona kitu. Nikijibu hapana, inanirudisha mwanzo. Mara ya tatu nikajibu ndiyo, ndio iniruhusu kupita. Hakuna mahali iliniambia itangoja nichomeke waya, wala printa ya nani imepatikana.

Nikachapa malalamiko. Kimya. Nikachapa tena. Mara ya tano nikasikia, upande wa pili wa mabati, mashine ikivuta karatasi.

Niliketi. Halafu nikazunguka.

Jirani alikuwa amesimama na karatasi mkononi. "Mama, mashine yangu imeingiliwa na jini leo. Inaandika mambo ya Awendo."

"Nipe."

"Chukua tu. Mimi hata sijasoma."

Angejuaje ni ya Awendo? Nyuma yake, kwa msumari, mkoba wa shemeji ulikuwa unaning'inia. Ilikuwa siku ya soko.

Nikarudi kuhesabu. Nakala tano, kurasa kumi na tano. Nilikuwa na kumi na nne. Uliokosekana ulikuwa ukurasa wa tatu wa nakala moja.

Simu ya yule mama mzee haikupatikana siku nzima. Asubuhi nikaenda kwake. Nilimkuta mlangoni akipepeta wimbi, na hakusimama kunisalimia.

"Amekuja hapa?" nikamuuliza.

"Jana jioni. Alikalia hicho kiti. Alikuwa na karatasi yenye jina langu."

"Alikutisha?"

"Hapana. Aliuliza tu kama nyasi za paa ni za mwaka huu."

Nikamwuliza kama bado atakuja Alhamisi. Aliweka ungo chini.

"Nyara," akaniita kwa Kijaluo, vile mama humwita binti yake, "nyumba yangu ni ya nyasi."

Alhamisi nilisimama peke yangu. Wazee waliuliza shahidi yuko wapi. Niliwaonyesha mkono. Mmoja akasema kovu haliwezi kusema nani alimwaga mafuta, na wengine wakaitikia kwa kichwa. Shemeji alikuwa na karatasi iliyokunjwa kwa mfuko wa shati. Hakuitoa. Shamba ni lake sasa.

Juzi juzi programu ile ilijibadilisha yenyewe. Siku hizi, kabla ya kukubali printa, inafanya taa ya printa imemetemete, halafu inauliza: unaiona ikiwaka? Kama huioni, inakuambia usiendelee. Basi. Taa ndogo kama punje ya mtama, na swali moja. Aliyetengeneza alikuwa na hiyo taa tangu mwanzo.

Jirani bado yuko. Tunasalimiana. Lakini hata nikichapa ratiba ya mazishi, naweka kwanza mkono kwa mabati, nasikiliza kama kuna kitu kinavuta upande ule.