Ngumi Kwenye Ngazi za Umeme

Leo nimempiga mtu ngumi ya pua, na kosa lilikuwa langu.

Msinicheke kwanza.

Juzi tu nimerudi London kutoka Tokyo, nilikokwenda kumhudumia binti yangu aliyejifungua. Miezi mitatu nikipita kwenye stesheni yao kila siku. Wanasema ilianza na reli mbili tu. Wakajenga juu, wakachimba chini, sasa ni mji mzima. Kule kwenye ngazi za umeme unasimama kushoto, wenye haraka wanapita kulia.

London ni kinyume. Nikasahau.

Asubuhi hii, stesheni ya Tottenham, nimesimama kushoto, nimetulia zangu. Jamaa nyuma akapiga kelele, "Move!" Sikusogea. Akanisukuma, goti likajigonga kwenye chuma, likapasuka.

Nikageuka, nikamtwanga.

"Mshenzi we! Huna mama nyumbani?"

Akaganda. Damu inamchuruzika kwenye vidole, suti nzima imeharibika. Akanitazama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Jamani! Ngumi ya pili nilikuwa nimeshaiinua.

"Marahaba," nikaitikia, mkono bado uko juu.

Semeni kweli: nyie mngeitikia, au mngemalizia?