Jembe la Mpini Mfupi

Nakumbuka siku niliyoandika neno "Amepona" kwa wino mweusi, nikajiona nimefanya kazi. Mwanangu, kesho unaanza kuzunguka ukiwahoji watu waliopigwa risasi, basi kaa hapa kwanza. Mimi acha nisimame, hili siwezi kulisimulia nimekaa.

Zama za vijiji vya ujamaa nilikuwa tabibu msaidizi katika zahanati moja upande wa Ikungi. Tulitakiwa kujaza fomu ya kila aliyejeruhiwa kwa bunduki na hali yake. Mmoja alikuwa Mzee Ntandu, aliyepigwa gobore begani na wezi wa ng'ombe. Nikamfuata kwake, nikamvua shati, nikaona kovu limeziba vizuri, nikaandika, nikapanda baiskeli. Hata maji waliyonikaribisha sikunywa. Ujana bwana! Nakala moja ya fomu nikamwachia balozi wa nyumba kumi.

Wiki chache baadaye mke wa mzee akaingia zahanati na jembe mkononi.

"Shikamoo, mama."

Akaliweka jembe mezani, juu ya makaratasi yangu. Mpini wake haukufika hata urefu wa mkono.

"Huyo uliyemponya kwa kalamu analimia hili, kapiga magoti, mkono mmoja. Watu wakipura mtama, akisikia zile fimbo zikilia kama bunduki anajifungia ndani. Jana mkutanoni wamemwita mtegeaji, maana balozi kasoma karatasi yako kuwa ni mzima. Leo hataki kula. Wewe ulimuuliza nini?"

Sikuwa nimemuuliza chochote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nilikwenda kwenye mkutano uliofuata, nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Wakamwondoa kwenye kazi za shamba la kijiji. Mzee Ntandu alinishukuru kwa upole, jambo lililoniuma zaidi, lakini barazani kwa wenzake hakurudi tena. Na fomu yenyewe ilikwisha kwenda mkoani. Niliandika barua mbili za kuirekebisha, sikujibiwa. Kama karatasi ile bado ipo mahali, mpaka leo inasema amepona.

Kwa hiyo kovu usiliamini, mwanangu. Kunywa maji yao kwanza. Muulize mtu kazi gani imemshinda, sauti gani inamtisha, kisha muulize na anayeishi naye. Ndipo ushike kalamu, na uishike kwa woga.

Haya, nenda. Mungu akupe subira ya kukaa, na kalamu yako isimjeruhi mtu aliyekwisha kujeruhiwa.